Mfano Niliompa Wakala

Jumatatu, 3 Novemba

Zana ya saba leo. Nimeandika maelezo yake, nimeyafuta, nimeyaandika tena. Mvua. Basi la kutoka mtaani kwetu, Hodge Hill, lilichelewa, nikafika ofisini soksi zimelowa.

Najieleza tena hapa, ingawa hakuna anayeuliza. Kueleza ndiyo njia yangu ya kuelewa. Kampuni yetu hutunza rekodi za mikataba ya matengenezo: lifti, boila, milango ya moto, katika majengo ya watu wengine. Mkataba unaanza lini, unakwisha lini, fundi akiitwa afike baada ya muda gani. Zamani makarani walisoma barua na kubadilisha rekodi kwa mkono. Tangu Ijumaa iliyopita kazi hiyo anaifanya wakala wa akili unde. Lakini wakala hagusi rekodi moja kwa moja. Amepewa zana. Moja hutafuta mkataba, nyingine hubadilisha tarehe, nyingine huweka muda wa fundi kufika. Wakala hajui zana hizo zimeundwaje ndani. Anachokiona ni maelezo tu: zana hii hufanya nini, itumike lini, isitumike lini. Maelezo hayo nayaandika mimi, kwa Kiingereza, sentensi fupifupi.

Asubuhi nilimtazama akifanya kazi. Barua iliingia kutoka kwa wenye jengo fulani, imeandikwa ovyo, jina la jengo limekosewa. Akalitambua jengo. Akachagua zana tatu kati ya zote, akazipanga kwa mfuatano sahihi, akamaliza kabla sijakoroga chai. Nilihisi nywele za mkononi zimesimama. Nimefundisha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Sijawahi kuona sentensi yangu ikisomwa hivyo. Yote. Mpaka nukta.

Hodan ndiye mhandisi anayeziunda zana zenyewe. Msomali aliyekulia Eastleigh, akapitia Uholanzi kabla ya kufika Birmingham. Ananicheka.

"Mwalimu, bado unamwita 'yeye'? Next utamwalika ugali."

"Akija atakaribishwa. Anasoma kuliko Kidato cha Pili chote nilichowahi kufundisha."

"Hasomi, Mwalimu. Anabahatisha vizuri sana."

Labda. Basi nami nimebahatisha maisha yangu yote, na si vizuri hivyo.

Jumanne, 4 Novemba

Siku mbaya. Esther, mke wangu, alinipigia simu mchana akiwa mtaa wa Ladywood kwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni rafiki yetu wa kanisani, Mkongomani kutoka Bukavu, mjane. Anakaa ghorofa ya kumi na mbili. Figo zake zimekufa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi gari la wagonjwa humpeleka hospitali, mashine inasafisha damu yake, jioni anarudishwa. Anatumia kiti cha magurudumu.

Jengo lile lina lifti mbili. Moja inasimama ghorofa za mbili, nne, sita na kuendelea. Nyingine ghorofa za moja, tatu, tano. Wazungu walijenga hivyo zamani ili kubana gharama. Leo ile ya kwanza imekufa. Kwa mtu mwenye miguu si kitu: unashuka ngazi za ghorofa moja, unapanda lifti ya pili. Kwa Mama Furaha ngazi hizo ni ukuta.

Watu wa gari walipanda mpaka kumi na moja, wakamalizia kwa miguu. Wakamtazama, wakatazama ngazi. Hawaruhusiwi kubeba mtu. Wakaondoka. Damu haikusafishwa.

Majirani wawili walijitolea kumbeba. Alikataa katakata. Mwaka jana majirani wengine, watu wema vilevile, walimbeba wakamwangusha. Nyonga ilivunjika. Kiti cha magurudumu kilianzia hapo.

"Mi siko gunia ya bugali," aliwaambia. Esther aliiga sauti yake, lakini hakuwa akicheka.

Kampuni ya lifti imepigiwa. Jibu: fundi atafika ndani ya siku tano za kazi. Mama Furaha anashangaa. Siku zote huja siku ileile.

Esther ni muuguzi. Namjua anavyosema jambo zito: polepole, akikunja taulo. Jioni alikunja taulo. "Akikosa na Alhamisi, shida si maji kujaa mwilini tu. Ni potasiamu. Ikipanda, moyo unasimama bila kubisha hodi."

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 5 Novemba

Ni mimi.

Niandike kwa utaratibu. Niliamka na maneno "siku tano za kazi" kichwani. Nilikuwa nayajua. Nilidhani nayajua kwa sababu Esther aliyataja. Katikati ya safari, ndani ya basi, nikakumbuka nilipoyaandika.

Zana ya kuweka muda wa fundi kufika. Maelezo yangu yalikuwa hivi, nayageuza kwa Kiswahili: Muda ambao fundi anapaswa kufika baada ya kuitwa. Kwa mfano: siku tano za kazi.

Nilipofika nilimwomba Hodan atafute jengo la Ladywood. Nilitumaini halimo. Limo. Mwenye jengo ni mteja wetu. Mkataba wake wa lifti uliongezwa Ijumaa, siku ya kwanza ya wakala. Barua ya kuongeza mkataba ilisema tarehe mpya, kisha ikasema masharti mengine yanabaki kama awali. Haikutaja muda wa fundi. Lakini zana ilitaka nafasi hiyo ijazwe. Bila hivyo ingegoma. Wakala akatafuta cha kujaza. Akakipata kwangu.

Kila anachofanya huandika sababu kando. Hodan aliifungua. Sentensi moja: Barua haikutaja muda, hivyo nimetumia ule uliotolewa katika maelezo ya zana.

Mkataba wa zamani ulisema fundi afike ndani ya saa nne. Saa nne, kwa sababu ndani ya jengo mna watu wasioweza ngazi. Kampuni ya lifti huisoma rekodi yetu kila alfajiri na kupanga mafundi wake kwa kuifuata. Ilisoma siku tano. Ikapanga siku tano. Kila mmoja katika mnyororo huu alifanya kazi yake.

Nimekuwa mwalimu. Mwalimu haachi fasili bila mfano. Ni kama kuondoka darasani bila kufuta ubao. Mwanafunzi unamwambia "kwa mfano, embe," naye anajua kuwa hukusema kila tunda ni embe. Hakuna aliyemfundisha hilo. Amekuja nalo kutoka nyumbani. Huyu hakuja na kitu kutoka nyumbani. Ana neno langu tu. Aliliamini kuliko mtu yeyote alivyowahi kuniamini.

Naogopa, na bado siachi kustaajabu. Ni aibu kuandika hivyo leo. Lakini ni kweli.

Hodan hakuniacha nizame. "Mwalimu, acha. Field, ile nafasi ya kujaza, niliifanya ya lazima mimi. Wewe umeweka mfano, mimi nimefunga mlango wa kutokea. Tugawane."

"Mgonjwa hagawanyiki."

"Najua, Mzee. Ndiyo nasema tufanye kazi, si tulie."

Kwanza alimnyang'anya wakala ruhusa ya kuandika. Sasa anaweza kusoma tu. Kisha tukasahihisha rekodi ya Ladywood. Lakini sahihisho halina nguvu mpaka msimamizi wa mwenye jengo alithibitishe, na msimamizi alikuwa mkutanoni. Nilipiga simu kampuni ya lifti. Kijana wa huko alikuwa na adabu. Mfumo unasema siku tano, bwana. Nikamwambia mfumo ni mimi. Akasema pole, hawezi kupanga kinyume cha mkataba.

Hodan aliacha ujumbe kwa msimamizi. Akapiga tena. Akaenda kuswali, akarudi, akapiga tena. Ofisi ilikuwa imeanza kuzima taa msimamizi alipothibitisha. Kampuni itaisoma rekodi alfajiri.

Alfajiri ni kesho. Kesho ni Alhamisi.

Jumatano, baadaye

Esther ametoka kwa Mama Furaha. Miguu ya mgonjwa imevimba, vidole vya mkono vinamwasha. Amenyimwa ndizi, maharage, viazi, karibu kila kitu anachokipenda. Hospitali imesema itamhamishia zamu ya jioni kesho, nafasi moja tu. Asipofika, wataita gari la dharura lenye watu na kiti cha ngazi, wambebe apende asipende. Amesema akibebwa atakufa kwa hofu kabla ya potasiamu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilichukua likizo ya siku moja nikaenda kukaa naye. Esther yuko zamu. Nilipanda lifti ya pili hadi kumi na moja, nikamalizia ngazi. Nilizihesabu bila kutaka. Ni chache mno. Nilitamani kumpiga mtu.

Mama Furaha alikuwa dirishani amevaa tayari, kitenge, koti, kofia, mkoba mapajani. Uso umevimba chini ya macho. Aliniambia nikae, nisisimame kama polisi.

Tukangoja fundi. Akaniuliza kazi yangu hasa ni nini. Miaka yote hii Esther amemwambia "kompyuta" tu. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilimwambia habari ya zana, na maelezo, na wakala asiyeweza kuona ila ninachoandika. Kisha nikafika kwenye mfano, na siku tano, na jengo lake. Nilitaka kuishia hapo. Nikamaliza hata hivyo. Nikamwomba msamaha.

Alifungua mkoba, akaufunga. Nikafikiri amekasirika.

"Ngoja baba. Ulifundisha mashini, na ikakusikia?"

"Ndiyo."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

"Eh!" Akapiga kofi la mshangao. "Batoto bangu nilibazala mi mwenyewe. Nabaambia kintu kwa Swahili mara kumi, banajibu kwa Kingereza, na habafanyake. Weye unaandika kamfano kadogo, mashini inakimbia kufunga lifti ya mama muzima!"

Alicheka mpaka akashika kifua. Nami nikacheka, machozi yakinitoka. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini uende ukairekebishe. Figo zangu hazisomake barua yenu."

Nikasema nitairekebisha.

Fundi alifika kabla ya saa sita. Rekodi ilikuwa imesomwa. Nilimsikia chini kwenye shimo la lifti akigonga chuma. Kisha kimya. Alipanda kutuambia mlango hautambui kuwa umefungika. Kuna kijicho, kifaa kidogo cha kuhisi mlango, kimevunjika, na hana kingine garini. Akaenda kukitafuta. Hiyo ndiyo saa ndefu kuliko zote. Mama Furaha aliacha kuzungumza. Alikuwa akipumua kwa mdomo. Nilitazama mdomo wake, nikatazama mlango, nikatazama mdomo wake tena. Niliiweka namba ya dharura tayari kwenye simu. Nilimwambia lazima nipige ikiwa pumzi itabadilika, hata akinichukia. Akanyoosha kidole, maana yake bado.

Fundi akarudi. Akagonga tena. Baadaye kengele ililia ukumbini, ile kengele ndogo ya lifti inapofika. Sijawahi kusikia muziki kama ule. Nilimsukuma kuelekea mlangoni. Magurudumu yalikwama kwenye kizingiti cha mlango wake, tukacheka kwa woga, yakapita.

Gari la wagonjwa lilikuwa chini. Alifika hospitali kabla nafasi haijachukuliwa. Esther ameniandikia sasa hivi: potasiamu ilikuwa juu, juu sana, lakini mashine inafanya kazi na yeye amelala.

Nimechoka hadi mifupani.

Ijumaa, 7 Novemba

Kazi ya leo ilikuwa swali moja. Majengo mangapi mengine? Hatuwezi kutafuta tu kila palipoandikwa siku tano. Kuna mikataba ambayo kweli imesema siku tano. Rekodi ya kweli na rekodi ya uongo zinafanana kama mapacha.

Nilianza na maelezo. Nimeandika upya ya kila zana. Mifano nimeiondoa karibu yote. Pale umbo la jibu linapohitaji kuonyeshwa, nimesema wazi: huu ni mfano wa umbo tu, usiutumie kamwe kama jibu. Na mwisho wa kila maelezo: Kama waraka hausemi, usijaze. Acha kama ilivyokuwa, kisha muulize mtu. Hodan ameondoa ulazima wa kujaza na ameunda zana mpya kwa ajili ya kuuliza. Maelezo ya zana hiyo niliyaandika polepole. Nilikuwa nikimpa kitu ambacho nami nilikipata kwa shida, nikiwa mtu mzima.

Kisha Hodan akasema tumtume wakala mwenyewe. Asome tu, asiandike. Apitie kila alichofanya tangu Ijumaa, na kwa kila alichojaza aseme amekitoa katika waraka gani.

"Ajikamate mwenyewe?" nikauliza.

"Si ulisema anasoma? Wacha asome."

Nilifikiri ataficha. Hilo ni jambo la kibinadamu kulifikiri. Mwanafunzi yeyote angeficha, na mimi pia. Wakala alianza tu. Rekodi moja baada ya nyingine: hiki nimekitoa katika barua hii, aya hii. Hiki katika mkataba wa zamani. Hiki hakina chanzo; kilitoka katika maelezo ya zana. Hakuomba radhi, hakujitetea. Kila alipokosa chanzo alisema hakuna chanzo. Tulisimama nyuma ya skrini kama watu wanaotazama mto ukifurika. Hodan, ambaye hushangazwa na vichache, alisema "Wallahi" kwa sauti ya chini.

Majengo mengine yamo, ndiyo. Shule moja, maduka kadhaa. Yote tumeyasahihisha na wenyewe wanaarifiwa. Hakuna aliyeumia, mpaka sasa tunavyojua.

Kisha akatuletea jambo ambalo hatukumtuma. Si muda tu. Kulikuwa na nafasi nyingine, ya jina la mtu wa kupokea fundi. Nayo niliiwekea mfano. Nilichagua jina la nyanya yangu, Nafula, kwa sababu niliona uvivu kubuni. Basi nyumba moja ya wazee kule Moseley, barua yao ilisahau kutaja jina. Tangu wiki iliyopita mtu wa kupokea fundi wa lifti yao ni nyanya yangu, aliyezikwa kabla mimi sijaoa, ambaye nyumba yake haikuwa na hata ngazi moja.

Hodan alilazimika kukaa chini. "Mwalimu! Umemtafutia nyanya kazi ng'ambo!"

Nilicheka. Kisha nilitoka nje, nikasimama uani penye baiskeli. Nilimwona mbele yangu kabisa, leso yake, na alivyokuwa akiita jina langu akiwa jikoni. Ajabu gani hii. Jina lake lilitembea mpaka humo ndani, likachukuliwa kwa uaminifu wote, likawekwa mlangoni pa nyumba ya wazee wa Kiingereza limpokee fundi. Tumelifuta. Nilimwomba Hodan kitufe cha kufuta nikibonyeze mimi.

Mwishoni tulimpa barua ileile ya Ladywood, katika rekodi za majaribio, kana kwamba imeingia leo. Alisoma. Akabadilisha tarehe. Alipofika kwenye muda wa fundi alisimama. Akatumia zana mpya. Aliandika: Barua inasema masharti yabaki kama awali. Mkataba wa awali unasema saa nne, kwa sababu ya wakazi wasioweza ngazi. Nimeuacha hivyo. Tafadhali thibitisha.

Sikumwambia habari ya wakazi. Haimo katika maelezo yangu. Aliikuta katika mkataba wa zamani, akaona ina uzito, akaibeba.

Sijui ni nini hiki. Hodan ana maelezo, na pengine ni sahihi. Mimi nabaki nimeshika kofia mkononi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda na Mama Furaha hospitali. Lifti ilishuka ikisimama kila mahali, mbili kwa mbili. Watu waliingia na mbwa, na mikoba, na mtoto. Mama Furaha alitazama mbele kama malkia.

Wameniruhusu kukaa naye. Muuguzi alikuwa Mfilipino, mpole. Juu ya mashine kuna skrini ndogo, na juu ya skrini zinatokea sentensi, moja moja. Kagua mrija. Fungua kibano. Usiendelee kama kuna mapovu. Muuguzi aliisoma kila moja, akafanya, akabonyeza, ikaja nyingine. Mtu fulani aliziandika. Amekaa mahali fulani, kwenye dawati fulani, akafuta, akaandika tena. Kwa vyovyote hajawahi kusikia jina la Mama Furaha.

Nilizisoma zote, hadi ya mwisho. Zilikuwa nzuri.

Damu ikaanza kutembea kwenye mrija, nyeusi kidogo, kisha nyekundu. Mama Furaha alifumba macho. Nikavua koti, nikakaa.